Chanjo ya Mtoto Mchanga: Ni Nani Mwenye Haki ya Kusubiri?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Kuna jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana katika mabaraza yetu tangu miaka ile ya ugonjwa wa korona, na hata leo, baada ya hofu yake kutulia, bado halijakatika vinywani mwa watu. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mtoto mchanga, ambaye hajui kusema wala kukataa, achanjwe dhidi ya maradhi ya kuambukiza yaliyoenea ulimwengu mzima? Na baba yake akikataa, je, atakuwa amemlinda au amemdhulumu?

Wako wasemao kwamba chanjo zote ni kheri tupu, na asiyezikubali ni mjinga. Na wako wasemao kwamba chanjo zote ni hila za maadui wa dini, na azikubaliye ana imani dhaifu. Sisi twaona kwamba makundi haya mawili, ingawa yashindana usiku na mchana, yamekutana mahali pamoja: kila moja limejipumzisha na taabu ya kufikiri. Kusema "zote" ni rahisi. Lakini Mwenyezi Mungu hakutupa akili ili tuiweke kabatini, na mwana si jambo la kuamuliwa kwa neno moja lililosikiwa barazani.

Kwanza hatuna budi kujua yaliyotokea. Hapa kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na chanjo za kwanza zikawasili mwezi wa Machi 2021. Chanjo hizo zilianzwa kwa watu wazima. Suala la watoto wachanga lilikuja baadaye, na lilikuja kwanza katika nchi za mbali. Mwezi wa Juni 2022, Marekani iliruhusu chanjo mbili za korona, ya Pfizer na ya Moderna, zitumiwe kwa watoto kuanzia umri wa miezi 6. Ya Pfizer ilikuwa ni sindano 3, kila moja ikiwa na maikrogramu 3 za dawa, nayo ni sehemu moja katika kumi ya kipimo cha mtu mzima. Ya Moderna ilikuwa ni sindano 2 za maikrogramu 25 kila moja, nayo ni robo ya kipimo cha mtu mzima.

Nchi nyingine zenye madaktari na ujuzi mfano wa hao hazikufuata njia ile. Sweden, mwezi wa Januari 2022, ilikataa kuwashauri watoto wote wa miaka 5 hadi 11 wachanjwe. Denmark, kuanzia Julai 2022, iliacha kutoa chanjo ya kwanza kwa walio chini ya miaka 18, ila kwa mtoto ambaye daktari ameona ana haja nayo. Uingereza, katika mwaka 2023, ilishauri kwamba watoto wa miezi 6 hadi miaka 4 wachanjwe wale tu wenye maradhi yanayowatia hatarini. Na katika Machi 2023, Shirika la Afya Duniani liliwaweka watoto na vijana wenye afya katika daraja la mwisho la wanaohitaji chanjo ya korona, likaiachia kila nchi ipime hali yake. Kisha Marekani yenyewe, katika Mei 2025, iliondoa ushauri wa kuwachanja watoto wenye afya. Na mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kikasema kinyume chake, kwamba wenye umri wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe wote.

Basi hapa pana khitilafu ya wajuzi wenyewe kwa wenyewe. Na panapokuwa na khitilafu ya wajuzi, asiye mjuzi hana haki ya kusimama juu ya meza na kuwatukana wenziwe. Lakini pia hana ruhusa ya kukunja mikono na kusema, "Maadamu wamekhitalifiana, hapana la kweli." Yatupasa kutafuta mizani, na mizani tunayo katika dini yetu.

Jambo la kwanza katika mizani hiyo ni kujua mtoto ni wa nani. Watu wengi wasema "mwanangu" kama wasemavyo "shamba langu" au "mashua yangu." Hilo si sawa. Mwenye shamba aweza kuliuza, na mwenye mashua aweza kuiacha ioze ufuoni, wala asiulizwe ila na mkewe. Mtoto si milki. Mtoto ni amana iliyowekwa mikononi mwetu, na Mwenye amana ataiuliza. Ndipo wanazuoni wetu wa fiqhi wakaweka kanuni kwamba amri ya walii juu ya aliye chini yake imefungwa na maslaha ya huyo aliye chini yake. Walii wa yatima hauzi nyumba ya yatima kwa kupenda kwake, bali huiuza ikiwa kuna faida iliyo wazi kwa yatima. Na ikiwa mambo ni hivyo katika mawe na chokaa, je, katika mwili na roho?

Jambo la pili ni kutawakali. Wako wasemao: "Mwenye kuponya ni Mungu, na ajali haiongezwi wala haipunguzwi, basi sindano ya nini?" Neno hili lafanana na imani, lakini si mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Yeye alipoulizwa na mtu mmoja kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alimwamrisha amfunge kisha atawakali. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Shamu na habari ikamjia kwamba tauni imeshuka huko, aliwakusanya wenye rai. Akawauliza Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawauliza Ansari, wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakamshauri kwa kauli moja arudi na watu. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba naam, waikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume kwamba penye tauni watu wasiingie, na waliomo wasitoke kwa kuikimbia.

Twaomba ndugu zetu wakitazame vizuri kisa hiki. Sayyidna Umar hakuwa na imani dhaifu. Hakusema kwamba Mungu atawalinda na kwa hivyo waingie. Wala hakuona haya kushauriana katika jambo la maradhi, na kuwasikiliza watu waliokhitalifiana mpaka lipatikane lenye nguvu. Kinga basi si adui wa tawakkul. Na kinga ya ndui, ambayo ndiyo asili ya chanjo zote, haikutoka kwa watu wa Ulaya. Ilikuwa ikifanywa katika dola ya Waislamu wa Uturuki kabla hawajaijua. Bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliiona huko Istanbul, akamfanyia mwanawe wa kiume huko huko katika mwaka 1718, na katika mwaka 1721 akamfanyia binti yake London. Daktari Edward Jenner hakuja na chanjo yake ya ndui ya ng'ombe ila katika mwaka 1796. Na zamani za kale kuliko hapo, Abubakar al-Razi alikuwa ameandika kitabu kuipambanua ndui na surua. Leo Mwislamu aikimbia chanjo akidhani ni kitu cha makafiri, hali babu zake katika dini ndio walioifunza Ulaya kinga.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni subira. Mtu mzima aliyepatwa na maradhi aweza kuchagua kusubiri. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja mweusi alimjia Mtume (s.a.w.) akimshtakia kifafa chake. Mtume akamkhiyarisha: akitaka asubiri na malipo yake yawe ni Pepo, na akitaka amwombee Mungu amponye. Yule bibi akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Kwa hadithi hii na mfano wake wanazuoni wamesema kwamba kujitibu si faradhi juu ya kila mgonjwa katika kila maradhi; na katika madhehebu yetu ya Kishafii kujitibu kumehesabiwa kuwa ni sunna.

Sasa twauliza: ni nani aliyechagua katika kisa kile? Ni mwenye kifafa mwenyewe. Aliulizwa yeye, akajibu yeye, na mwili uliokuwa ukianguka ni wake yeye. Hakuulizwa baba yake, wala hakuambiwa jirani yake, "Msubirishe huyu." Subira ni ibada, na ibada yataka nia, na nia ni ya mwenye nafsi. Mtu hawezi kusubiri kwa mwili wa mwenziwe, kama asivyoweza kufunga Ramadhani kwa tumbo la mwenziwe. Baba akisema, "Mimi sipendi sindano, ninamtegemea Mungu," akauacha mwili wake mwenyewe bila ya kinga, hilo ni lake na Mola wake, maadamu hamdhuru mwingine. Lakini akisema maneno hayo hayo juu ya mtoto wa miezi tisa, kisha surua ikamshika mtoto yule ikamtia upofu, nani aliyesubiri? Mtoto hakusubiri, kwa sababu hakuchagua. Baba naye hakusubiri, kwa sababu macho yake ni mazima. Hapo hapana subira ya mtu yeyote. Pana madhara tu yaliyoshuka juu ya asiyekuwa na sauti.

Haya si maneno yetu peke yetu. Katika mwaka 1992, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda iliamua juu ya mambo ya matibabu. Ilisema kwamba kutibiwa huwa ni wajibu pale ambapo kuacha kunapeleka kwenye kuangamia nafsi au kupotea kiungo, au maradhi yanapokuwa ni ya kuwadhuru wengine kama yale ya kuambukiza. Ilisema kwamba idhini ya walii kwa ajili ya mtoto imefungwa na maslaha ya mtoto, na akikataa kwa namna iliyo wazi kumdhuru, haki ile humtoka ikaenda kwa walii mwingine, kisha kwa mwenye mamlaka. Na ilitaja kwamba mwenye mamlaka aweza kulazimisha katika mambo kama maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga.

Kwa hivyo mizani yetu ina maswali matatu. La kwanza: maradhi haya yamfanya nini mtoto huyu, si mtu mwingine, bali yeye? La pili: chanjo hii yamwondolea kiasi gani cha madhara hayo, na yenyewe ina madhara gani? La tatu: ikiwa faida yaenda kwa wengine kuliko yeye, je, yafaa kumtwika mzigo huo?

Tuzitie mizanini kwanza zile chanjo za zamani. Ndui iliua watu tangu enzi za Mafirauni, na walioponea iliwaacha na makovu, na wengine ikawapofua. Mgonjwa wake wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida hakuwa mtu wa mbali nasi. Alikuwa ni Ali Maow Maalin, kijana wa Kiislamu wa Marka, mji wa pwani ya Benadiri, mpishi katika hospitali, naye alishikwa katika Oktoba 1977. Gari lilipita na wagonjwa wawili wa ndui, yeye akaingia kuwaonyesha njia kwa dakika chache tu, ikamwambukiza. Alikuwa hakuchanjwa kwa kuwa aliiogopa sindano. Mungu akamponya. Katika mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Na Ali Maow Maalin akatumia miaka yake ya baadaye akizunguka Somalia kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alikufa katika Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo, wakati polio iliporudi Somalia na kuvuka mpaka mpaka Garissa. Twamwombea rehema, maana huyu alijua thamani ya kinga kwa ngozi yake.

Na surua? Kabla chanjo yake haijatoka katika mwaka 1963, Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba iliua watu milioni 2 na zaidi kila mwaka, na wengi wao ni watoto. Na katika mwaka 2023 iliua, kwa makisio ya shirika hilo hilo, watu wapatao 107,500, wengi wao wakiwa hawajafika miaka 5, na ambao hawakuchanjwa au hawakukamilishiwa chanjo. Hapa kwetu mtoto hupewa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Chanjo hii imejulikana kwa miaka zaidi ya 60, na madhara yake makubwa ni nadra sana. Basi swali la kwanza lajibiwa: maradhi yamwua mtoto mwenyewe. La pili lajibiwa: kinga ni kubwa na dhara ni dogo. La tatu halina haja ya kuulizwa, kwani faida ni ya mtoto kwanza, na jirani hupata fungu lake. Baba anayeizuia chanjo ya surua au ya polio bila ya udhuru wa daktari, sisi twasema wazi kwamba ameivunja amana. Na mama anayeogopa kilio cha mtoto kwenye zahanati na akumbuke methali yetu: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Sasa tuitie mizanini ile ya korona kwa watoto wachanga wenye afya, na tuseme kweli hata ikiwa haiwafurahishi wote. Maradhi haya yaliwapiga zaidi wazee na wenye maradhi mengine. Marekani, ambako waliokufa kwa korona walipita milioni 1 katika Mei 2022, watoto wa chini ya miaka 5 katika hesabu hiyo walikuwa ni mamia tu. Twasema "tu" kwa hesabu, si kwa moyo, kwani kila mmoja alikuwa ni mwana wa mtu. Na wako watoto ambao hatari yao ilikuwa kubwa zaidi: wenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, wa damu, na walio wachanga kabisa. Majaribio ya chanjo ya Moderna yalionyesha kwamba iliwakinga na kuugua kwa kiasi cha asilimia 51 kwa wa miezi 6 hadi 23, na asilimia 37 kwa wa miaka 2 hadi 5. Madhara makubwa yalikuwa ni nadra sana katika majaribio hayo. Miongoni mwa yaliyoonekana ni homa na maumivu. Na kinga yenyewe dhidi ya kuambukizwa ilipungua kwa miezi, si kwa miaka.

Basi faida ipo lakini si kubwa kwa mtoto mwenye afya, na dhara lililojulikana ni dogo. Hapo ndipo wajuzi walipoachana njia: mmoja aona kwamba faida ndogo yatosha maadamu dhara ni dogo zaidi, mwingine aona kwamba fedha na taabu ile yafaa ipelekwe kwenye surua na kuhara, ambako watoto wafa kwa maelfu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema katika 2023 kwamba faida ya kuwachanja korona watoto wenye afya ni ndogo sana ikilinganishwa na faida ya chanjo za watoto za siku zote. Kwa hiyo twasema: katika jambo hili walii ana nafasi. Akimchanja mwanawe baada ya kuuliza, hakukosa. Akimwacha, hali mtoto ni mzima na daktari hakuona haja, hakukosa. Lakini ikiwa mtoto ana maradhi yanayomtia hatarini, na daktari mwaminifu akashauri achanjwe, nafasi ile hufunga, na hukumu hurudi kule kwenye surua.

Labaki swali la tatu, nalo lilisemwa sana wakati ule: "Mchanjeni mtoto ili asimwambukize bibi yake." Je, yafaa kumchoma asiyeweza kuridhia kwa faida ya mwingine? Wapo waliosema haifai kabisa, kwa kuwa mtoto si mukallaf, hana faradhi juu yake. Sisi twaona jibu hili limepita mpaka. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mali ya mtoto yatolewa zaka na walii wake, ingawa mtoto hana sala wala saumu. Kwa nini? Kwa kuwa haki ya masikini imeingia katika mali ile, na uchanga wa mwenyewe hauiondoi. Basi mtoto naye ni mmoja wa umma, si kisiwa baharini; na umma una haki juu yake, naye ana haki juu ya umma.

Lakini tutazame pia zaka ilivyo. Ni fungu dogo, lenye kipimo kijulikanacho. Hutolewa katika ziada baada ya kutimia nisabu. Na inamfikia masikini kwa yakini, si kwa kudhani. Hakuna aliyesema kwamba mali ya yatima ichukuliwe yote kwa faida ya mji. Na mwili ni mtukufu kuliko mali. Kwa hivyo, ikiwa mtoto atatwikwa mzigo kwa ajili ya wengine, basi masharti yake yawe makali zaidi: mzigo uwe mwepesi na umejulikana, faida ya wengine iwe ya yakini, na mtoto mwenyewe awe na fungu katika faida ile. Chanjo ya polio yatimiza masharti haya yote. Chanjo ya korona kwa mtoto mwenye afya haikuyatimiza vizuri, maana kumzuia kwake asiambukize wengine kulikuwa kwa muda mfupi.

Na liko jambo jingine ambalo watu wazima hawapendi kuambiwa. Ikiwa bibi yaogopewa asiambukizwe, wa kwanza kuchanjwa ni bibi mwenyewe, kisha baba, kisha mama, kisha mjomba anayeingia na kutoka. Hawa wana akili, wana ulimi, waweza kuridhia na kukataa. Mzigo huanzwa kwa awezaye kuupokea kwa hiari yake, kabla haujawekwa juu ya asiyeweza kusema. Tumewaona wanaume waliokataa kata kata kuchanjwa wao, kisha wakabishana usiku kucha juu ya chanjo ya watoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 hakuwekewa chanjo ya korona hata kidogo. Kinga yake ilikuwa ni mamake achanjwe akiwa na mimba, ampe mwanawe kinga kwa damu yake. Je, si hekima ya Mola kwamba mkubwa ndiye atangulie kumlinda mdogo?

Hatuwezi kumaliza bila ya kusema juu ya shaka. Watu wetu wana shaka, na shaka hiyo haikuzuka hewani. Katika mwaka 1996, huko Kano, Nigeria, wakati wa mripuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni moja ya dawa ya Marekani iliwajaribia watoto dawa mpya, na ikashtakiwa kwamba wazazi hawakuelezwa vizuri. Mwishowe ililipa fidia. Na katika mwaka 2011, huko Abbottabad, Pakistan, majasusi wa Marekani walitumia chanjo kuwa ni pazia la kumtafuta mtu waliyemtaka. Haya yalitokea kweli, na waliyoyafanya walikhini amana iliyo kubwa kuliko walivyodhani, kwa kuwa waliichafua sindano ya mtoto asiyekuwamo katika vita vyao.

Lakini tutazame yaliyofuata. Katika mwaka 2003, baadhi ya majimbo ya kaskazini ya Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio, na Kano ikaizuia kwa miezi kumi na zaidi. Virusi vikaenea, vikatoka Nigeria, na katika mwaka 2005 vikawapoozesha watoto wa Yemen na wa Indonesia. Waliolemazwa ni watoto wa nani? Ni watoto wa Waislamu. Na Kano walipokubali tena katika mwaka 2004, walikubali baada ya dawa kupimwa, na wakaletewa ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Hilo ndilo jambo tulipendalo: mwenye shaka apime, wala asizire. Qur'ani yatuamrisha kuichunguza habari anapotujia nayo mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kuchunguza ni kazi. Kukataa tu ni uvivu uliovaa kilemba.

Kwa hivyo twawaambia madaktari na wakuu wa afya: semeni kweli yote, nusu yake haitoshi. Chanjo yenye faida kubwa isemwe ni kubwa, na yenye faida ndogo isemwe ni ndogo. Mkizisifu zote kwa sifa moja, siku watu watakapogundua kwamba moja ilikuwa na faida ndogo, watazitupa zote, na surua itarudi mlangoni.

Twawaambia makhatibu na walimu wetu: mimbari si mahali pa kusoma uvumi. Mwenye kutaka kusema juu ya sindano na amuulize kwanza mwenye kuijua sindano, kama vile daktari anavyopaswa kumuuliza mwanachuoni juu ya talaka.

Na twawaambia akina baba: mara nyingi ni mama anayembeba mtoto kwenda kliniki juani, naye anayeamua ni baba aliyekaa kivulini. Kichukueni kitabu cha kliniki cha mtoto mkisome. Tazameni ni chanjo gani imekosekana. Nendeni pamoja na wake zenu, mkaulize mnayotaka kuuliza mbele ya aliye na ujuzi. Hapo mkikubali mtakuwa mmekubali kwa ilimu, na mkikataa mtakuwa mna hoja ya kumjibu Mwenye amana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu na kila maradhi, awape wajuzi wetu ukweli, na atupe sisi akili ya kuzipokea neema zake bila ya ujinga na bila ya kiburi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.